Siku moja maishani mwangu: fundi wa karavani kuukuu, Mikindani Mombasa

Nikimwambia mtu natengeneza karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu za kuvutwa na gari, kitu cha kwanza kinachomjia ni vile vibanda vya magurudumu vya juisi na baga, anadhani kazi yangu ni kununua bodi kuukuu, kupiga rangi ya kupendeza, kuuza. Huu mwaka wangu wa tisa kwenye hii kazi na leo nataka niandike siku moja tu, Alhamisi iliyopita, mtu aone ndani kuna nini. Rangi ni ya siku mbili. Miezi mitatu minne iliyobaki yote ni kutafuta maji yaliingilia wapi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nimeswali, chai ya tangawizi na mahamri mawili, nikatoka. Yadi si mbali, dakika kumi kwa miguu. Kijana wangu alikuwa keshafika, keshafagia, drili zipo chaji. Huyu kijana nampenda kwa hilo, simwamshi.

Saa moja asubuhi

Iliyoko mezani saa hizi ni Sprite, zile za Uingereza zilizokuwa zikitengenezwa Newmarket. Ni karavani nyepesi, ilitengenezwa ili hata gari dogo liweze kuivuta, na huo wepesi ndio uzuri wake na ndio ugonjwa wake. Mifupa ni mbao nyembamba, nje bati la aluminiamu jembamba, ndani plaiwudi ya milimita 3, katikati sponji ya kuzuia joto. Sasa maji yakishapata tundu moja tu la skrubu huko juu hutayaona, manake bati kwa nje liko vilevile na kwa ndani kuta zimepigwa rangi, yenyewe yanashuka polepole na ubao mpaka kwenye sakafu, yanakaa hapo, na siku unayokuja kujua ubao umekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Kwa hivyo asubuhi yote tulikuwa kwenye ile reli ya pembeni, ile ya kushikia turubai la kivuli, tunatoa skrubu moja baada ya moja. Na huku kwetu kuna la zaidi. Skrubu ya chuma ikikaa kwenye aluminiamu na hii hewa yetu ya chumvi, metali hizo mbili zinagombana, na anayeliwa ni aluminiamu, inageuka unga mweupe kuzunguka tundu. Tulihesabu skrubu 64 upande mmoja. Zilizotoka nzima ni 19, zilizobaki zimekatika vichwa, kila moja nitoboe taratibu nisiharibu bati, kijana ananimwagia mafuta ya kupozea. Shingo inauma, bado saa mbili haijafika.

Saa tatu, mwenye Sprite akaja

Hapa ntakaa kidogo manake hapa ndipo siku ilipochukuliwa.

Huyu bwana aliinunua kwa mtu kule Kilifi, anataka kuuzia chakula Nyali. Ni mtu mzuri, hajawahi kunizungusha pesa. Ila alikuja na simu mkononi, hata salamu hatujamaliza, ananionyesha picha ya Airstream ya Marekani, ile ya fedha inayong'aa kama kioo. "Fundi, wiki ijayo naihitaji, na naitaka ing'are hivi. Toa rangi yote, piga polishi."

Nikamkalisha kwenye ndoo ya rangi nikamweleza. Airstream ni mnyama mwingine kabisa. Mwanzilishi wake, yule bwana Wally Byam, alipotoa ile modeli ya Clipper mwaka 1936 aliijenga kama ndege, mbavu za aluminiamu, bati limeshikwa kwa riveti maelfu, ganda lenyewe ndilo linalobeba nguvu. Mwaka 1959 akaongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, na barabara za wakati ule unazijua zilivyokuwa. Bati la ile limetengenezwa lipigwe polishi. Hili la Sprite lilitengenezwa lipakwe rangi, jembamba, limekunjwa mikunjo kulipa ugumu, na kinacholishika ni ubao. Nikilikwangua nikalisugua, kwa hewa ya Nyali miezi miwili litakuwa na madoa meupe kila pahali na mteja wako atadhani ni uchafu.

Akasema sawa, basi rangi, lakini wiki ijayo.

Nikamwambia bosi, twende ndani. Nikampa bisibisi, nikamwambia isukume hapo sakafuni karibu na mlango, usitumie nguvu. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Akanyamaza. Nikamwonyesha pembe ya dirisha la mbele, fundi aliyeishika kabla yangu alijaza silikoni kila upenyo, tabaka juu ya tabaka. Na hili nalisema kwa mafundi wenzangu pia, silikoni si dawa ya karavani. Inashika vizuri siku ya kwanza, bati likipata jua la saa nane linatanuka, usiku linajikunja, silikoni inaachia upande mmoja, maji yanaingia kwa nyuma na hayana pa kutokea. Alafu ukija kuitoa inaacha mafuta, hata rangi haishiki. Pale panatakiwa mastiki ile laini isiyokauka, unatoa dirisha lote, unasafisha, unaweka upya.

Unajua akanijibu nini? "Si uweke plaiwudi mpya juu ya hiyo, na kapeti ya plastiki, nani ataona?"

Nimeisikia hiyo kauli mara nyingi na kila mara inanichoma. Nikamwambia bosi, hapo juu atasimama msichana wa watu na karai la mafuta ya moto siku nzima. Ubao mpya ukipigiliwa kwenye ubao uliooza unashikwa na nini? Akanyamaza tena, akaanza jingine, matundu ya chini. Kuna vitundu viwili vya waya sakafuni chini ya jiko, anataka nivizibe, panya wataingia. Hapo nikasimama kabisa. Vile vitundu viliwekwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatambaa chini kama maji, na pale ndipo inapotokea. Ukiziba umejenga sanduku la gesi na mtu ndani na kiberiti. Panya ntawawekea wavu mzito. Kuziba sizibi, hata alipe mara mbili.

Akaanza bei, kwamba kuna fundi Bombolulu atamaliza kwa nusu yangu. Nikamwambia hiyo ni mali yako, ukitaka nikuitie gari la kuivuta saa hii na sitakudai kazi ya asubuhi. Nilisema kwa upole lakini moyo ulikuwa unaenda mbio, manake pesa yake ndiyo iliyokuwa inanunua mbao za mwezi huu na nina kodi ya yadi. Akaenda nje akapiga simu, akarudi, akaenda tena. Saa nne na nusu akaondoka bila kusema ndiyo wala la. "Ntakwambia, fundi." Saa moja na nusu imeenda.

Saa sita

Wali wa nazi na maharagwe kwa mama wa kibandani, swala, tukapanda pikapu kwenda Tiwi kununua nyingine.

Zamani tungepita Likoni. Nilikuwa naogopa feri na karavani kuliko kitu chochote, manake maji yakipwa, hasa bamvua, ile njia ya kupandia inakuwa na mteremko mkali na mkia wa karavani ni mrefu nyuma ya gurudumu, unakwangua zege. Nishapasua paneli ya nyuma hivyo. Sasa tunapita barabara ya Dongo Kundu, ya madaraja, kutoka Miritini unakuja kutokea Kibundani, hujagusa maji.

Karavani ilikuwa chini ya mkanju, miaka imelala hapo. Mwenyewe ni bibi mmoja mjane, marehemu mumewe alikuwa akiitumia kupeleka watoto Malindi na Watamu wakati wa likizo. Karatasi zake zilikuwa safi, logibuku keshahamisha kwa jina lake, na namba ya Z kama trela zote za huku kwetu. Ukienda kununua karavani anza na logibuku kabla ya kufungua mlango. Ukishaipenda macho hayaoni tena.

Alafu mimi nina utaratibu wangu, nanusa kwanza. Nafungua mlango nasimama bila kuingia. Harufu ya vumbi si neno, harufu ya uyoga ndiyo mbaya. Kisha nagonga kuta kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua nazi, ubao mzima unajibu, uliooza unanyamaza. Nikafungua makabati ya juu nikapapasa pembe kwa mkono manake jicho halifiki kule. Nikatambaa chini na bisibisi nikaangalia chasisi, kutu ya juujuu tu. Pembe moja ya nyuma imekwenda, na dirisha la paa. Kwa umri wake ile ni afya.

Bibi aliniuliza, "Mwanangu, utaivunja uuze vyuma?" Nikamwambia la bibi, itatembea tena. Akaingia ndani akatoka na pazia moja dogo la maua, akalikunja akaweka kwenye kanga yake, hayo mengine akaniachia. Tulikubaliana 170,000 na sikuvuta bei sana, kwa kweli sikuweza.

Magurudumu hatukuyaamini hata kidogo. Mpira wa karavani unakufa kwa uzee, kashata, yale meno yake, ziko mpya kabisa lakini ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka uliotengenezwa, na hizi zilikuwa na umri wa kupiga kura. Tukaweka zetu. Tukafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, tukaweka grisi mpya. Beringi ya kushoto safi. Ya kulia nilipoizungusha nikaisikia, vidonda vidogo kwenye uso wa chuma, na jua lilikuwa linashuka, nikasema itafika. Vifaa vyote tukavipakia mbele ya ekseli, manake uzito ukiwa nyuma karavani inacheza mkia na itakupindua wewe na gari lako. Tukashika njia kama saa kumi na moja, mwendo wa 40.

Haikufika

Baada ya daraja la Mwache kijana aliyekuwa akichungulia dirishani akaniambia ananusa. Nikasimama pembeni, nikaweka mkono karibu na habu ya kulia, sikuweza hata kuigusa. Giza lishaingia, tukaweka laifseva, ile pembetatu ya kuonya magari, nyuma, na malori yanapita yanatuyumbisha, ile karavani nyepesi inainama kila likipita. Jeki juu ya ubao, gurudumu nje, habu inatoa moshi wa grisi iliyoungua, tukaiacha ipoe, maji huwezi kumwagia, chuma kitapasuka.

Na beringi sina. Ninazo mbili yadini, kwenye kopo la maziwa juu ya rafu. Nikampigia jirani wa yadi, maskini alikuwa anakula, akaacha chakula akatafuta kwa tochi akampa kijana wa boda. Boda akapitiliza, akaenda mpaka karibu na bandari mpya kule, akarudi. Sijui tulikaa muda gani, simu niliizima kuweka chaji. Njaa, mbu, na mimi najilaumu, manake nilisikia kile kidonda kwa vidole vyangu mwenyewe pale chini ya mkanju nikakipuuza kwa sababu ya jua. Kijana wangu hakunilaumu hata kwa neno, alikuwa ameshika tochi tu, mikono yake inatetemeka kwa uchovu.

Ringi ya ndani ilikuwa imegandana na ekseli, tukaitoa kwa tindo na nyundo, kidogo kidogo, huku nusu, huku nusu, vidole vyangu viwili vimeng'oka ngozi. Nikasugua ekseli kwa msasa mpaka ikawa laini, beringi mpya ikaingia kama imezaliwa hapo. Kaza, zungusha, legeza kidogo, pini. Ile raha siwezi kuieleza, gurudumu likizunguka kimya baada ya yote hayo.

Yadini tumeingia usiku wa saa nne, labda na nusu. Nikawasha simu, ujumbe wa yule bwana wa Sprite: "Fundi nimefikiria. Fungua sakafu yote. Matundu yaache." Nikamsomea kijana, akacheka akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Nilikuwa nimeshamlipa na nimemtafutia tuktuk, nafunga geti, nikasikia matone kwenye mabati. Vuli imeanza kunyesha. Turubai lilikuwa mkononi, ningeifunika ile ya bibi nikalale. Nikaliweka chini. Nikachukua tochi na chaki, nikaingia ndani nikalala chali kwenye kile kitanda chenye harufu ya vumbi, nikangoja. Dakika kama tano hakuna kitu. Alafu tone la kwanza likaja kutoka dirisha la paa kama nilivyojua, nikachora mduara. La pili likaja pale ambapo sikupategemea kabisa, juu ya kabati la upande wa mlango, kwenye skrubu ya taa ya nje. Nikachora. Mpaka mvua inakatika nilikuwa na miduara saba.