Jinsi nilivyoirudishia sauti ampli yangu ya valvu

Ilikuwa Jumamosi usiku, seti ya pili, sebene limeshika moto na watu wamejaa katikati ya ukumbi. Ghafla gitaa langu la rithimu likapotea. Halikukoroma wala kufifia, lilikatika tu kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikageuka nyuma: taa ya ampli inawaka, valvu zote, zile chupa za kioo zinazoiendesha, zina wekundu wake wa kawaida. Kuna harufu kidogo ya kitu kilichoungua, nikadhani inatoka kwenye majiko ya chipsi nje. Nikachomeka gitaa kwenye ampli ya mwenzangu wa solo, tukamaliza shoo.

Ampli hii niliachiwa na marehemu baba mdogo. Ni ya Kiingereza, ya miaka ya 1960, wati 18. Ina valvu mbili za EL84 za kusukuma spika, tatu ndogo za ECC83, na moja ya EZ81 inayogeuza umeme wa transfoma kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Nimepiga ampli nyingi za transista na sizidharau, lakini rithimu ya dansi inahitaji ile sauti inayojibu nguvu ya mkono: ukigusa nyuzi kwa upole inakuwa tamu, ukikaza inauma. Hiyo siipati kwingine.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitazama akasema valvu zimechoka. Nikanunua seti nzima, pesa ya shoo mbili. Kimya kilekile. Akanishauri ving'olewe vyote vya ndani, iwekwe bodi ya transista. Nikabeba ampli yangu nikarudi nayo nyumbani, na jioni ile nikampigia simu mzee aliyekuwa akitunza vyombo vya bendi enzi za baba mdogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ile ampli imekufa?”

“Imenyamaza, mzee. Valvu zinawaka ila hakuna sauti.”

“Ukiweka sikio kwenye spika, unasikia mvumo?”

Nikaenda kusikiliza. Ulikuwepo, mdogo sana, wa kuutegea sikio.

“Basi huyo yuko hai. Anzia kwenye spika, rudi nyuma kuelekea gitaa. Na mkono mmoja uwe mfukoni.”

Hilo la mkono naomba lichukuliwe kwa uzito wote. Ndani ya ampli ya valvu kuna zaidi ya volti 300 za DC, na kapasita kubwa, vifaa vya kuhifadhi umeme, zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Ukishika bodi, yaani fremu ya chuma ya ampli, kwa mkono wa kushoto na waya wa moto kwa mkono wa kulia, umeme unapita kifuani. Mimi nilitengeneza waya wenye rezista, kifaa cha kupunguza mkondo, ya kilo-omu 10 ya wati 5 na klipu pande zote mbili. Kila nilipozima nilisubiri, nikaziunganisha kapasita na bodi kupitia rezista hiyo, kisha nikapima kwa mita kuhakikisha zimefika karibu na sifuri. Kama hujawahi kufanya kazi ya namna hii, kaa na anayeijua. Jambo jingine ni kutoiwasha ampli ya valvu bila spika. Transfoma ya kutokea, inayopeleka sauti kwenye spika, inaweza kuungua, na hiyo ndiyo ghali kuliko vyote.

Spika na waya wake havikunichukua dakika tano. Spika ya omu 16 ilisoma 13 kwenye mita, ambayo ni hali njema, kwa kuwa mita inapima waya wa koili tu. Waya wa gitaa nilijaribu mwingine. Fyuzi nzima.

Nikaingia ndani. Hapa nilijifunza jambo ambalo lingeniokolea pesa ya valvu: ule wekundu unaouona ni filamenti tu, inayokula volti 6.3. Hauelezi kama valvu inapata umeme wake mkubwa kwenye anodi, ncha yake inayopokea volti nyingi. Valvu inaweza kuwaka vizuri kabisa huku haifanyi kazi yoyote.

Nikapima anodi za EL84: volti 310. Katodi zake, ncha ya pili ya njia ya mkondo: volti 11. Maana yake mkondo unapita, na upande wa kusukuma spika ni mzima. Ndiyo maana nilisikia mvumo. Nikarudi nyuma kwenye ECC83 inayogawa sauti kuzipelekea EL84 mbili. Anodi zake mbili ziko pini ya 1 na ya 6. Ncha ya mita ilipogusa pini ya 1, spika ikasema “tap”. Pini ya 6, “tap” tena. Sitasahau nilivyofurahi. Njia kutoka hapo hadi kwenye spika ilikuwa wazi.

Kisha valvu ya kwanza, inayopokea gitaa. Pini ya 1, sifuri. Pini ya 6, sifuri. Hakuna “tap”. Hapo ningetarajia volti mia moja na hamsini na zaidi. Nikaufuata umeme ulikotoka. Katika ampli hii unashuka ngazi kwa ngazi: kapasita, rezista, kapasita nyingine, rezista nyingine, hadi kwenye valvu za mbele. Kabla ya rezista ya mwisho, ya kilo-omu 22, zilikuwepo volti 290. Baada yake, hakuna kitu. Nikazima, nikatoa umeme, nikainua rezista kwa koleo ndogo. Chini yake ilikuwa nyeusi. Ile harufu ya Jumamosi haikuwa ya chipsi.

Nilikuwa na rezista ya aina hiyo kwenye kopo, na pasi ya kuchomelea ilikuwa imeshapata moto. Nikampigia mzee kumpa habari njema, naye akaniuliza swali moja: “Nani kaiunguza?”

Nikakaa chini na kalamu. Rezista ile ilikuwa ya nusu wati. Valvu za mbele zinavuta miliampea chache tu, mzigo ambao inaubeba bila shida. Lakini kama upande wake wa pili umegusana na bodi, volti 300 zinapita zote ndani yake: 300 mara 300, gawa kwa 22,000, unapata wati 4 na kidogo. Nusu wati haiwezi kuustahimili mzigo huo. Kuna kitu kilikuwa kinaushusha umeme chini, na baada ya rezista hiyo kuna kapasita moja kubwa.

Nikachomoa mguu mmoja wa kapasita, nikapima. Iliyo nzima huanza chini kisha usomaji unapanda polepole kadiri inavyojaa. Hii ilikwama kwenye omu 40, haipandi. Utando mwembamba wa ndani unaozuia umeme ulikuwa umeharibika kwa miaka na joto, mpaka ukaacha umeme upite. Ningeweka rezista mpya peke yake, ingeungua kabla ya wimbo wa kwanza kuisha.

Ya zamani ilikuwa mikrofaradi 16, volti 450. Nilipata ya 22, volti 450, inayofaa mahali pale, nikaangalia mara mbili upande wa hasi kabla ya kuchomelea. Rezista niliweka ya wati 1. Nikawasha, mkono mfukoni, mita kwenye pini ya 1: ikapanda 90, 140, ikatulia 172. Spika ikatoa ule upepo mwembamba ambao ampli nzima huwa nao.

Nikachomeka gitaa, nikapiga kodi moja ya G, taratibu. Mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni bila kusema neno.

Kapasita nyingine mbili ndani ni za umri uleule na ile iliyokufa. Nimeshazinunua, ziko mezani, na Jumapili hii hatuna shoo.