Nilikunywa Chai Uji, Kisha Nikala Majani

Kutoka Kyoto hadi Uji kwa treni hata nusu saa haifiki. Kwetu jina hilo ni kinywaji cha asubuhi, ila kwa Wajapani Uji ni chai. Nilifika mwanzoni mwa Mei, chumo la kwanza, na nje ya mji nikakuta michai imefunikwa kwa nyavu nyeusi kama kitalu cha miche.

Dukani nilikoingia, binti alinitafsiria maneno ya mama yake. Michai ya gyokuro, chai ya kijani ya daraja la juu, hunyimwa jua siku 20 hivi kabla ya kuchumwa. Jani likikaa kivulini hubaki na theanini nyingi, ile yenye utamu, na katekini zenye ukali hupungua.

Mama akamimina maji ya moto kwenye bakuli, kutoka bakuli kwenye vikombe, akarudisha tena, mpaka yakashuka nyuzi 50 hivi. Mimi nimekulia kwenye chai inayotokota jikoni; nilikaa kimya nikitazama mvuke ukiisha. Baada ya dakika mbili akamimina, akingoja hadi tone la mwisho. Haikujaa hata kikombe cha kahawa. Nikaonja: nzito kama mchuzi, yenye ladha ya mwani, na utamu ukang'ang'ania ulimi.

Alipokwisha kuongeza maji mara ya tatu, akayapakua majani yenyewe kwenye kisahani, akadondoshea sosi ya soya. Yalikuwa laini kama mchicha uliopitishwa kwenye maji moto, na uchungu kidogo. Nikayala yote. Vitamini E, karotini na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi haviyeyuki majini, kwa hiyo anayekunywa maji tu huviacha kwenye birika. Vitamini C huyeyuka, nayo imesalimika kwa sababu majani hupigwa mvuke mara tu yanapochumwa, kabla hayajageuka rangi kama ya chai yetu nyeusi. Matcha, chai ya unga, nayo ni jani zima lililosagwa, kwa hiyo anayeinywa hulimeza lote.

Wapo wanaoiuza chai hii kama dawa ya kila ugonjwa. Siwaungi mkono, ni chakula kizuri, basi. Tena mwenye upungufu wa damu, kama nilivyowahi kuwa, asiinywe pamoja na mlo, maana huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe vizuri.

Nilinunua gramu 50, na kipimajoto kidogo cha maji.