Nilitarajia uzee, nimekuta watu

Jumapili, usiku

Nimenawa kwa sabuni ya unga na kucha bado ni nyeusi. Leo kabureta imerudi mahali pake na Honda, pikipiki ya zamani ninayoifufua, imewaka, kwa hiyo naandika kidogo kabla usingizi haujanizidi.

Pikipiki yenyewe ni CG125 ya zile za mwanzo, zenye umeme wa volti 6 na pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Honda waliileta sokoni mwaka 1976, na hadithi ya kuzaliwa kwake ilinivutia kabla hata sijaigusa spana. Walikuwa tayari na pikipiki ya CB125, yenye injini tamu ambayo kemshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko juu kwenye kichwa cha silinda na inazungushwa na cheni. Injini ile ilitaka mwenyewe anayemwaga oili kwa wakati. Wahandisi walipokwenda Iran, Pakistan na Thailand kutazama pikipiki zao zinavyotumika, waliona mizigo, vumbi, na oili ambayo haiguswi mpaka injini ilie. Hawakurudi kuwahubiria wateja. Waliibadilisha injini. Kemshafti ikashushwa chini, valvu zikawa zinasukumwa kwa fito, na cheni ya ndani ikaondoka na matatizo yake yote.

Basi hiki ni chombo kilichobuniwa kivumilie kusahauliwa. Nilipoanza kukifungua nilitarajia kukutana na uzee: kutu, raba zilizokauka, vyuma vilivyolika. Vipo, ila ni kidogo. Karibu kila kasoro ya maana niliyoikuta imewekwa na mkono wa mtu aliyekuwa na haraka.

Chukua skrubu za kava la injini. Zote zilikuwa zimetafunwa vichwa. Watu husema skrubu za Kijapani ni laini, wakati kosa ni la bisibisi. Ile nyota ya Kijapani si sawa na nyota ya kawaida, ingawa kwa macho ni mapacha. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, na ukikaza mkono inapanda yenyewe na kula kingo. Nyingi kati ya skrubu hizo zina kidoti kidogo kichwani, kama anayekuonya. Nilitafuta bisibisi yenye ncha sahihi, nikadondoshea oili ya kupenya kutu, nikaiacha ilale. Zilizogoma nilizitoa kwa ile bisibisi ya kugongwa na nyundo, ambayo inasukuma ndani na kuzungusha kwa wakati mmoja. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Mke wangu aliuliza pikipiki imewaka au vipi, nikamwonyesha skrubu.

Ndani ya kava nikakuta silikoni. Kuna fundi mahali fulani anayeamini gasketi ni anasa. Silikoni ikipakwa kwa ukarimu hufurika pande zote mbili: ya nje unaiona na unaifuta, ya ndani inakatika vipande na kusafiri na oili. Injini hii ina chujio la wavu, na lingine linalozunguka kwenye ncha ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na kurusha uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Wavu ulikuwa na ndevu nyekundu. Ajabu ni kwamba oili ilikuwa bado inapita. Hapo niliwapigia saluti wahandisi wa 1976.

Tanki sina mengi ya kusema. Siki, muda, maji yenye magadi ya kupikia ili kuua asidi, kukausha upesi kabla kutu mpya haijaota, kisha tone la oili. Basi.

Kabureta ndiyo iliyonila. Petroli ikikaa muda mrefu hukauka na kuacha gundi ya rangi ya asali, na hiyo niliitarajia. Kilichonisumbua ni jeti kubwa, kile kipande chenye tundu linalopima petroli inayoingia. Mtu aliizibua kwa waya. Jeti ni shaba nyeupe, laini, na tundu lake ni kipimo; namba iliyopigwa pembeni inaeleza ukubwa wa tundu hilo na hakuna kingine. Ukipitisha waya mgumu mara chache, namba inabaki ileile na tundu linakuwa lingine. Ndiyo maana plagi ilikuwa nyeusi kwa masizi, na ndiyo maana (hili ni kisio langu tu, ila naliamini) aliyefuata aliondoa chujio la hewa ili ipumue zaidi, na wa tatu akaweka plagi ya moto zaidi ili iunguze masizi. Kila mmoja alitibu ugonjwa aliouleta mwenzake. Jeti mpya, chujio mpya, plagi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na tabaka tatu za ufundi zikaondoka pamoja.

Kwenye kutyuni nina msimamo mkali. Kabureta iwe ya mwisho. Wengi huanza nayo kwa sababu iko nje na ina skrubu zinazoita bisibisi, lakini kabureta haiwezi kusahihisha valvu iliyobana wala moto unaochelewa. Kwa hiyo nilianza na valvu, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu kwenye mgandamizo: milimita 0.08 kwa zote mbili. Geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kusuasua kidogo.

Kisha pointi, ambazo nazipenda ingawa zimeshapitwa na wakati. Zimejificha nyuma ya magneto, gurudumu linalozalisha umeme, na unazifikia kupitia tundu lake. Nafasi ni milimita 0.3 mpaka 0.4 zikiwa wazi kabisa, lakini namba hiyo ni ya kuanzia. Kinachotafutwa ni lini zinafunguka. Kile kisigino kinachosugua kemu hulika polepole, nafasi inapungua, pointi zinafunguka kwa kuchelewa, na pikipiki inakuwa nzito bila kuharibika chochote unachoweza kukiona. Nilikata kipande cha karatasi nyembamba ya sigara, nikakibana kati ya pointi, nikawa nakivuta taratibu huku nazungusha magneto kwa mkono. Pale alama ya F ya kwenye magneto, yaani wakati wa cheche, inapokutana na alama ya kwenye bloku, karatasi inatakiwa iachiwe. Ilichelewa sana. Nikasogeza, nikapima tena, nikasogeza tena, mpaka karatasi na alama vikakubaliana. Plagi nikaiweka milimita 0.6.

Ilipowaka leo jioni haikuwa na mbwembwe. Ilikohoa, ikashika, ikatoa moshi wa oili niliyoweka kwenye silinda, ikatulia. Niliiacha ipate moto sawasawa, kisha nikageuza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli robo robo, nasubiri injini ijibu kila mara, mpaka nikapata pale inapozunguka kwa kasi na ulaini kuliko kwingine; ndipo nikapunguza kasi yake ya kuunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Hapa kishawishi ni kikubwa. Ukishaisikia imekuwa nzuri, mkono unataka kuongeza kidogo, kwenye sindano ya kabureta, kwenye pointi, popote. Nikaweka bisibisi ndani ya boksi na kufunga boksi.

Rangi ya tanki sitaigusa. Imepauka na ina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto, lakini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na rangi ya kwanza haipakwi mara ya pili. Mafundi wawili watatu wameshaniambia napoteza nafasi ya kuifanya ing'ae. Sawa.

Nimeandika kikaratasi, nikakitia ndani ya mfuko wa nailoni na kukifunga chini ya kiti: valvu 0.08, pointi, plagi, namba ya jeti, aina ya oili, na onyo moja kwa herufi kubwa kuhusu waya. Kama ningekuta karatasi ya namna hiyo, wiki kadhaa za kubahatisha zingepungua.

Zamu inayofuata ni breki. Brekishuu za nyuma zinaonekana za zamani sana, na za umri huo zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, kwa hiyo vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Kitambaa chenye maji, barakoa, na kitambaa chenyewe kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Nitaifanyia nje, upepo ukiwa umetulia.