Dordogne Julai hii: mto kwanza, makasri baadaye

Nilipomwambia mume wangu kwamba mwaka huu nataka twende Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, jioni ileile alikuwa ameshachora ramani: leo tulale hapa, kesho pale, kila asubuhi kufunga mabegi, gari la kukodi likituzungusha toka kasri hadi kasri. Nikamwambia hapana, baba. Mimi nataka tulale nyumba moja, kijiji kimoja, na kila tukiamka tuulizane tu: leo maji au nchi kavu?

Mto wenyewe, nao unaitwa Dordogne, una urefu wa karibu kilomita 480. Unaanzia kwenye milima ya Sancy na kukutana na mto Garonne kaskazini mwa Bordeaux. Sisi tunataka kijipande tu, kile cha karibu na mji wa Sarlat. Ukiingia majini Vitrac na kushuka na mkondo hadi Beynac ni takribani kilomita 16, na humo ndimo yalimo karibu yote yanayopigwa picha: kijiji cha Domme juu ya mwamba, kile cha La Roque-Gageac kilichobanwa kati ya jabali na maji, halafu makasri mawili, Castelnaud na Beynac. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Beynac ilikuwa ya Wafaransa na Castelnaud ikashikwa na Waingereza, na mpaka leo yanatazamana kwa mbali kama majirani wasiosalimiana. Sasa gari la nini, ikiwa mto wenyewe unakupitisha chini yake?

Utaratibu wa kukodi mtumbwi umenifurahisha kwa sababu hakuna kupiga kafi kurudi. Unashuka na mkondo, mwisho wa safari basi dogo la wenye mitumbwi linakuchukua. Wanakupa jaketi la kuokolea, kafi, na pipa dogo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza la kuwekea simu na chakula. Viatu viwe vya kufunga. Ndala za watoto zitabaki nyumbani, maana Julai maji huwa machache sehemu nyingine na kuna kushuka kusukuma mtumbwi juu ya changarawe. Na tutatoka mapema, saa tatu asubuhi tuwe tayari majini, kabla umati haujaamka.

Kuna sharti moja: sheria ya Ufaransa inataka anayepanda mtumbwi wa kukodi awe anaweza kuogelea angalau mita 25 na kuzamisha kichwa. Watoto wangu wanaogelea, hapa Ghent, Ubelgiji, wamefundishwa shuleni. Tatizo ni dada yangu anayekuja kutoka Tanga. Amezaliwa hatua chache kutoka baharini, baba yetu alikuwa na ngalawa, lakini kuogelea hajui wala hataki kujua. Nilipompigia kumweleza akacheka: “Mwenzangu, mimi na maji tukutane bafuni.” Basi yeye atapanda gabare pale La Roque-Gageac, mashua ya mbao yenye tumbo bapa, inayozungusha wageni kwa muda wa kama saa moja. Mashua za namna hiyo zamani zilishusha mbao na magogo kutoka milimani, na zile za juu kabisa ya mto zilikuwa hazirudi: zikifika zinavunjwa, mbao zake zinauzwa. Dada amelipenda wazo la kukaa kwenye kiti na kuelezwa mambo. Wanangu wamemwahidi Mama Mkubwa kwamba watampungia mkono wakimpita.

Viza yake ndiyo inayonipa kazi kuliko mto. Mimi nina kibali cha kuishi Ubelgiji, kwa hiyo Ufaransa naingia bila maombi mengine. Yeye anahitaji ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na swali ni aombe nchi gani. Kanuni ni kuangalia atakapolala siku nyingi zaidi. Kwa kuwa atakaa kwangu Ghent muda mrefu kuliko Dordogne, maombi yanakwenda kwa Wabelgiji, ingawa picha zote atakazowaonyesha watu wa Ngamiani kule Tanga zitakuwa za Ufaransa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri mpaka mwisho, tafadhali.

Tarehe nimezichagua kwa ujanja kidogo. Shule za huku Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, zinafungwa mwisho wa Juni, za Ufaransa siku chache baadaye. Huo mwanya wa mwanzoni mwa Julai ndio wetu. Ila jua linazama karibu saa nne usiku, yaani ukingoje Magharibi ndipo ulale, kisha Alfajiri ikuamshe, mtumbwi wa saa tatu utakuwa na wasinziaji. Itabidi tulale mchana, kama kwetu.

Nyumba tunaitafuta Carsac, kwa sababu mto uko jirani na njia ya baiskeli inapita hapohapo. Njia hiyo ilikuwa reli, sasa ina lami, inatoka upande wa Sarlat kwenda Cazoulès, zaidi ya kilomita 20, na kwa kuwa treni haipendi vilima, hata mwanangu mdogo ataimudu. Kupanda Domme ni habari nyingine. Huko nitakodi baiskeli ya umeme na sitaona haya.

Nyumba lazima iwe na jiko. Eneo lile ni la bata: bata kwenye mafuta yake, ini la bata, hata viazi vya Sarlat hukaangwa kwa mafuta ya bata. Kwa anayetafuta halali, mgahawani utaishia saladi. Lakini soko la Sarlat, Jumatano na Jumamosi, lina jozi, stroberi na jibini ndogo za mbuzi za Rocamadour. Bizari na nazi ya kopo nabeba mwenyewe.

Tutakwenda kwa treni: Brussels, Paris, metro namba 4 kutoka Gare du Nord hadi Montparnasse, Bordeaux, kisha treni ya polepole hadi Sarlat, mwisho wa reli. Gari nimekubali kwa siku moja. Dada anataka kuona Milandes, kasri alilokuwa akiishi Josephine Baker na watoto wake 12 wa kulea, yule mwimbaji na mcheza dansi, mwanamke mweusi wa kwanza kuingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, mwaka 2021. Mume wangu anataka mapango yenye michoro ya watu wa kale. Lascaux lenyewe lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro, na kinachoonyeshwa Montignac ni nakala. Mimi nakala sina hamu nayo. Napendelea Font-de-Gaume kule Les Eyzies, ambako bado unaingia kuona nyati waliochorwa kwa mkono wa mtu kwenye ukuta wenyewe. Wanaingiza watu wachache mno kwa siku, kwa hiyo viza ya dada ikitoka tu, hizo ndizo tiketi nitakazokata kwanza, treni baadaye.