Vijana, angalieni kutu
Kila nikirudi kutoka kwenye jukwaa la mafuta baharini, vijana wa fani yetu huniuliza: kazi ya kuendesha na kutengeneza mitambo ya mafuta na gesi baharini bado ina soko? Mimi huwaambia wasihesabu visima vipya pekee. Majukwaa mengi ya Bahari ya Kaskazini ni ya miaka ya 1970 na 1980, na mengine yanazalisha hadi leo ingawa umri yaliokadiriwa umeshapita. Chumvi haina likizo: kutu huendelea kula chuma, na kazi ya kutengeneza haiishi.

Bei ya mafuta iliposhuka chini ya dola 30 kwa pipa Januari 2016, matengenezo mengi yaliahirishwa. Baadaye yalirudi, tena kwa gharama kubwa zaidi. Na kuna mambo hayaahirishiki: msiba wa Piper Alpha, jukwaa la Bahari ya Kaskazini lililolipuka 1988, ulianzia kwenye pampu iliyowashwa ilhali vali yake ya usalama imeondolewa kwa matengenezo. Walikufa watu 167.

Droni sasa zinakagua pale tulipokuwa tukining'inia kwa kamba (magoti yangu hayalalamiki). Ningekuwa naanza leo, ningesomea umeme na vifaa vya kupimia, au uzibaji wa visima vilivyokwisha. Eneo la mafuta la Brent peke yake, katika Bahari ya Kaskazini, lilikuwa na majukwaa manne ya kustaafisha.