Kwa mzazi, naanza na usingizi

Huku Pemba nikiingia kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, swali langu la mwanzo si kama analia. Machozi ya siku ya tatu au ya nne huwapata wengi, na wiki mbili hazipiti yamekwisha. Nauliza: mtoto akilala, na wewe unalala? Aliyechoka atajibu kuwa akipata wa kumshikia mtoto atalala kutwa. Anayeingiwa na wazimu wa uzazi halali usiku wa pili, wa tatu, wala hahisi kuchoka. Usiku wa manane anakunja kanga, anazikunjua, anazikunja tena, huku maneno yanamtoka mbio, hili halijesha keshashika jingine.

Wazimu huu humpata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Linalotupoteza ni kuwa huja na kuondoka: asubuhi unamkuta katulia, anakuamkia vizuri, nawe unarudi zako. Kwa hiyo namwita pembeni anayelala naye, mama yake au somo (kungwi wake), anihadithie usiku ulivyokuwa.

Kisha namuuliza mwenyewe, taratibu: "Mwanangu, unasikia sauti wenzio hawaisikii? Mtoto unamwonaje? Imekujia fikra ya kumdhuru, au kujidhuru?" Swali hili halimtii mtu fikra asiyokuwa nayo. Akisema mtoto kabadilishwa, au si wake, hapo hakuna kungoja kesho.

Napima joto, presha, sukari na malaria. Homa ya 38 na damu inayonuka ni dalili ya maambukizi ya kizazi. Presha ya 140/90 kwenda juu pamoja na kichwa kuuma yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambacho huja hata baada ya kujifungua. Vyote hivyo humvuruga mtu akili, na vyote ni vya hospitali siku hiyo hiyo.

Wakisema ni shetani, sibishani. Dua isomwe, kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini) linywewe, lakini gari itafutwe kwanza. Kumfunga kamba hapana. Wafuatane watu wawili, mmoja wa mama, mmoja wa mtoto. Mtoto asiachwe naye peke yake hata kwa dakika ya kwenda chooni. Wachukue kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, na daktari aulizwe kuhusu kunyonyesha kabla dawa mpya haijaanzwa.

Akishapona, mimba ijayo aitaje habari hii siku ya kwanza ya kliniki, kwani uwezekano wa kurudi ni karibu nusu kwa nusu.