Kipimo cha kichwa na mafuta yangu ya nazi

Mdogo wangu alianza kuangusha vikombe katikati ya Ramadhani. Mkono unaruka tu, chai hiyo chini, naye anautazama kama si wake. Mtaani kwetu Kibokoni kila mtu akapata la kusema. Khalati, dadake mama, akasema ni jini, akamwandikia kombe la zafarani, aya za kuoshwa na kunywewa. Jirani, ambaye mwanawe ana duka la dawa basi naye kawa daktari, akaniambia nimwachishe klozapini siku hiyo hiyo. Klozapini! Dawa yake ya maradhi ya akili, iliyomtuliza baada ya mbili nyingine kushindwa. Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Daktari wake akataka EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Karatasi ya masharti ilisema usiku alale kidogo tu na aoshwe nywele. Nikamwosha, haswa. Asubuhi namwona kichwa kimepauka, nami simtoi ndugu yangu mbele za watu hivyo. Nikampaka mafuta ya nazi, yale ya kupika nyumbani, akang'aa. Fundi kabandika kidude cha kwanza, kikateleza. Cha pili, kikateleza. Na viko kama ishirini! Akanusa vidole vyake, akaniuliza, "Dada, huyu umemkaanga?" Tukarudi na tuktuk, nauli imekwenda bure.

Mara ya pili nikaandaa kahawa tungu ya kumkeshesha, kumbe nayo imekatazwa. Ikabidi karata. Kaniibia mpaka alfajiri, nami najifanya sioni, maana akishinda hasinzii. Heri ilikuwa Ramadhani, mji wenyewe macho.

Safari hii vidude vikashika. Alipofumba macho, mawimbi ya alfa, nane hadi kumi na tatu kwa sekunde, yakajipanga vizuri upande wa kisogoni. Kisha ikachomoza mistari kama miiba ya samaki, na mkono ukaruka pale pale.

Nilidhani mashine itatuchagulia dawa. Daktari akacheka: haichagui, wala haioni sauti anazozisikia kwa maradhi yake. Ila miiba ile ilimwambia huenda klozapini imezidi, na ikizidi huweza kuleta kifafa.

"Anavuta sigara?"

"Ameacha, alhamdulillahi, tangu siku ya kwanza ya mfungo," nikajibu kwa majivuno. Niliyemwachisha ni mimi!

Basi kumbe moshi wa sigara hulifanya ini liimalize klozapini haraka. Moshi ukikatika, dozi ile ile hupanda kwenye damu. Na kahawa nayo huipandisha. Mwaka mzima naulizwa anakula nini, sigara sijaitaja hata siku moja. Itajeni. Na akiacha, mwambieni daktari kabla, si baada ya vikombe.

Dozi ikapunguzwa kidogo kidogo, akaongezewa valproeti ya kuzuia kifafa. Sigara hakuirudia. Pesa zilikwenda kama elfu kumi, tuktuk sikuzihesabu.

Khalati anashikilia kuwa ni kombe lake. Idi alimletea jingine, bakuli zima, akalinywa limesimamishwa kwa mkono mmoja, halikumwagika tone.